Chumba Cheusi Nyuma ya Duka la Magodoro

Alhamisi, 3 Julai 2025

Tumerudi salama kutoka Biharamulo. Yaani mwili umerudi. Roho bado iko kule sebuleni kwa Ahmadi, imekaa kwenye kochi inajuta.

Ahmadi ni kaka wa mke wangu Arafa. Anauza vifaa vya ujenzi, na sasa ana televisheni pana kama mlango wa gereji. Tumekula pilau mbele yake. Msomaji wa habari alikuwa mkubwa kuliko mimi. Mama mkwe, Bi Fathiya, akasema mwanawe amejaliwa. Arafa akaitikia kwamba kweli amejaliwa. Kisha wote wakageuka kunitazama, nami nikasikia sauti inasema kwamba televisheni ni mambo ya zamani, kwamba siku hizi mtu anatenga chumba cha sinema, projekta, picha ukuta mzima, na kwamba changu kimeshakamilika, kimebaki kupanga viti tu.

Sauti ilikuwa yangu.

Ahmadi alifurahi sana. Akasema yeye na Mama watakuja Ngara Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 12, wakione.

Arafa hakutamka neno njia nzima. Basi liliposimama Nyakahura alinunua ndizi mbivu, akala mbili, akanipa maganda nimshikie. Nimeyashika mpaka Benako.

Sina chumba cha sinema. Sina projekta. Nina duka la magodoro, na moyo unaokwenda mbio tangu saa saba mchana.

Ijumaa, 4 Julai

Baada ya sala nimekwenda kwa Mwalimu Philbert. Amestaafu, na nyumba yake imejaa vitu ambavyo ofisi za watu zilivichoka. Projekta anayo. Ilikuwa ya mradi fulani wa afya uliofungwa. Tumebadilishana: yeye kachukua magodoro mawili ya futi sita, mimi nimechukua projekta, waya wake na spika moja nzito kama jiwe la kusagia.

Kuna kasoro ndogo. Ndani yake kuna flashi iliyonasa. Haitoki. Ukiwasha umeme tu, projekta inaanza kuonyesha yenyewe kilichomo. Nimeuliza kilichomo ni nini. Philbert akasema ni elimu.

Nikamuuliza masharti ya chumba. Akasema sharti ni moja tu: giza. Giza kamili, madirisha yazibwe, kuta zipakwe rangi nyeusi, maana ukuta mweupe unaiba picha.

Hapa niandike jambo ambalo halijawahi kutoka kinywani mwangu. Mimi naogopa giza. Nina miaka arobaini na tisa, nina binti, Asmaa, aliyeolewa Bukoba, na naogopa giza. Taa ya korido nyumbani kwetu haizimwi. Wageni wakiuliza, Arafa huwaambia ni kwa ajili ya wezi.

Nimekubali masharti. Ningefanyaje?

Jumapili, 6 Julai

Nimechagua stoo ya uani. Ina dirisha moja. Nimeliziba kwa godoro na misumari. Magodoro mengine nimeyalaza sakafuni yawe viti.

Fundi rangi, Bartholomayo, amefika saa tatu asubuhi. Nilipomwonyesha ndoo aliitazama, akatazama kuta, akauliza ni nani amefariki. Nikamwambia hakuna. Akauliza kama Mama Asmaa anajua, maana hilo ndilo jina la Arafa mtaani. Nikamwambia ni siri. Bartholomayo alifunga mfuko wake akasema yeye ni Mkristo, ana watoto wadogo, hapaki chumba cheusi kwa siri. Ameondoka bila hata kunywa chai.

Nimepaka mwenyewe. Mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Kona za mbali nimezifikia kwa brashi iliyofungwa kwenye mti wa fagio. Kadiri ukuta ulivyozidi kuwa mweusi ndivyo nilivyozidi kuimba. Nimeimba kaswida zote ninazozijua, na nyingine nusu nusu.

Nilipotoka, Yuster alikuwa juu ya ukuta wa uani. Yuster ni jirani, anauza nyanya mbele ya duka langu, na alikuwa amepanda jiwe kumtafuta mbuzi wake. Aliona mikono yangu myeusi mpaka kwenye viwiko. Akauliza kulikoni. Ningeweza kumwambia ukweli. Lakini Yuster ana shangazi Biharamulo, shangazi ni mteja wa Ahmadi, na Ahmadi akijua kwamba rangi haijakauka nimekwisha.

Nikamwambia: kuna mgeni namwandalia. Hapendi mwanga.

Nilidhani ni jibu zuri.

Jumatatu, 7 Julai, Sabasaba

Sikukuu. Mtaa wote uko nyumbani. Arafa amekwenda kumsalimia mwanamke aliyejifungua. Nikaona ndiyo nafasi ya kujaribu mitambo.

Nimetundika shuka jeupe. Nimechomeka waya. Nimefunga mlango, kwa sababu bila kufunga huwezi kujua picha ikoje. Kulikuwa na giza ambalo sijawahi kukutana nalo, giza lenye harufu ya rangi. Nikahesabu mpaka tatu, nikawasha.

Kwanza ulitokea mwanga. Halafu mlio, kama pikipiki imeingia sikioni. Halafu ukuta mzima ukajaa mdudu. Miguu mirefu kama nguzo za uzio. Macho makubwa kama sufuria za shughuli. Akainama, akachomoa mrija wake, akaanza kuuchomeka kwenye kitu kilichokuwa kinapumua.

Ninajua sasa kwamba ni mbu, na kwamba alikuwa juu ya mkono wa mtu. Filamu ni ya kufundisha malaria. Pale sikujua.

Nimekimbia. Niandike kama ilivyokuwa: nimekimbia nikapiga kelele, kofia imebaki ndani, kiatu kimoja kimebaki ndani, na mlango nimeuacha wazi nyuma yangu na ule mlio unatoka. Nimesimama katikati ya uani nikishikilia tangi la maji.

Yuster alikuwa tena juu ya ukuta. Hakuniuliza kitu. Alishuka polepole, nikamsikia anamwita mtu kwa Kihangaza. Kihangaza changu ni cha sokoni, lakini neno umuzimu halihitaji mkalimani.

Jumanne, 8 Julai

Hakuna mteja hata mmoja. Wanawake watatu wamepita upande wa pili wa barabara, kwenye matope ya mtaro, ilhali upande wangu ni mkavu.

Saa kumi amekuja Mzee Frednand, mwenyekiti wa mtaa. Shikamoo, marahaba. Nimempa kiti. Amekataa soda, na Mzee Frednand hajawahi kukataa soda tangu nimfahamu. Akasema kwa upole kwamba kuna maneno. Watu wanasema Hatibu analisha jini stoo. Kwamba limekuja kutoka pwani na lina mabawa. Kwamba mbuzi wa Yuster amepotea tangu Jumapili, na Jumapili hiyohiyo Hatibu alionekana na mikono imejaa kitu cheusi akiimba Kiarabu.

Babu yangu alitoka Pangani akiuza nguo. Tuko Ngara miaka tisini. Nimezaliwa hapa, nimepigwa fimbo na walimu wa hapa. Siku zote mimi ni Hatibu wa magodoro. Kumbe ikitokea shida kidogo tu, mimi ni mtu wa pwani.

Mzee aliniomba nifungue stoo, aone kwa macho yake, yaishe. Ni ombi la haki kabisa. Lakini nikawaza: akiona, atasema. Akisema, Yuster atasikia. Yuster akisikia, shangazi atasikia. Nikamwambia nitafungua Jumamosi.

Mzee akainuka. Kisha akasema, bila hasira, kwamba yeye anaweza kungoja mpaka Jumamosi. Hana hakika na wengine.

Jumatano, 9 Julai

Sijafungua duka. Nimesikia mtu akiwauliza wenzake langoni kama nyumba hii ina mlango wa nyuma. Haina.

Namkumbuka mzee mmoja wa utotoni mwangu, aliyefukuzwa kijijini kwake kwa sababu ya macho mekundu tu. Macho yalikuwa ya moshi wa jikoni. Hakuna aliyemuuliza.

Arafa ameniuliza mara mbili nina nini. Nimesema tumbo. Amenichemshia majani ya mpera, nimekunywa yote.

Alhamisi, 10 Julai

Nitaandika yote.

Umeme ulikatika tangu saa sita. Saa tisa hivi, nikiwa nachungulia dirishani, nimeona watu wanapanda barabara kuja kwetu. Kama arobaini. Mzee Frednand mbele na fimbo yake. Bartholomayo fundi rangi alikuwepo. Yuster alikuwepo. Wanaume wawili walikuwa na mapanga. Huenda walikuwa wametoka shamba. Lakini mtu akitoka shamba hubeba panga begani, na haya yalikuwa mkononi.

Nilikwenda uani. Ukuta ni mrefu na sina magoti ya kuruka. Mlango uliokuwa wazi ulikuwa mmoja. Nikaingia stoo, nikafunga komeo kwa ndani.

Sijui nieleze vipi. Upande huu giza, upande ule watu. Nimekaa kwenye godoro nimekumbatia magoti. Nilifumba macho, nikaona ni afadhali, kwa sababu hilo giza la kufumba ni la kwangu mwenyewe.

Nikamsikia Arafa langoni. Sauti yake ilikuwa ileile anayotumia kukaribisha wageni wa Idi. Shikamoo Mzee Frednand. Karibuni. Kaeni, kuna kivuli hapa. Nikasikia vikombe. Mke wangu alikuwa anawapa maji ya kunywa watu waliokuja na mapanga. Kisha hatua zake zikaja mpaka mlangoni.

“Baba Asmaa, fungua.”

“Niko salama.”

“Huko salama. Uko gizani.”

Nikafungua komeo. Aliingia, akakaa kando yangu, akanishika mkono. Mlango aliuacha wazi kiasi, mwanga mwembamba ukaingia mpaka miguuni petu.

“Tangu Jumapili najua,” alisema. “Una rangi nyeusi masikioni. Nilingoja uniambie.”

“Niliona haya.”

“Haya ya nini? Ya Ahmadi?”

Nikasema ndiyo, ya Ahmadi, na ya Mama, aliyesema mwanawe amejaliwa.

Arafa aliuminya mkono wangu. “Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ile televisheni anaisikia tu. Ahmadi amemkataza asiseme, eti watu watauliza mbona hajampeleka hospitali. Mama haji kuangalia ukuta wako. Aliniambia amekukumbuka, kwa sababu wewe humsomea barua za Asmaa mpaka mwisho na wengine humrukia mistari.”

Nikalifuta sikio. Rangi haikutoka.

“Sasa nenda ukawaambie wale watu,” alisema. “Yuster anatetemeka kuliko wewe. Anaamini kabisa mbuzi wake ameliwa.”

“Siwezi kusimama.”

“Basi tutakaa hapa mpaka uweze. Lakini mimi nitaufungua mlango.”

Akanyoosha mguu, akausukuma mlango ukafunguka wote. Walikuwa pale pale, wamejipanga, Mzee Frednand hatua tatu kutoka kizingitini. Wakatuona tumekaa kwenye godoro tumeshikana mikono, nyuma yetu kuta nyeusi. Mtu mmoja akasema, kwa sauti ya chini, kwamba ameshamroga na mkewe.

Na hapo umeme ukarudi.

Nilikuwa nimesahau kuchomoa waya; siku ya Sabasaba filamu ilikwisha yenyewe, nami sikurudi kuizima. Ule mlio ukaanza. Mbu akatokea ukutani juu ya vichwa vyetu, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi alikuwa amepauka kidogo, kama kitu kinachotoka kaburini. Sijawahi kuona watu arobaini wakipita kwa pamoja kwenye lango la kupita mtu mmoja. Panga moja limebaki uani mpaka sasa, mwenyewe hajaja kulichukua. Yuster aliruka ule ukuta ambao mimi niliuona mrefu.

Mzee Frednand peke yake alibaki. Goti lake ni bovu, hana mbio. Alisimama amejishikiza kwenye fimbo, midomo inacheza, nadhani alikuwa anasali Salamu Maria. Kisha maandishi yakatokea chini ya picha. Mzee alikuwa mjumbe wa kamati ya afya ya kata miaka mingi, na anasoma kila kilichoandikwa mbele yake. Akasoma kwa sauti: Sehemu ya Kwanza, Mbu Jike.

Akanitazama.

“Bwana Hatibu,” alisema, “umemfungia mbu?”

Nilimweleza yote. Televisheni, pilau, shemeji, magodoro mawili. Hakucheka. Mwisho aliuliza kama kuna sehemu ya pili. Nikamwambia zipo nne. Akavua viatu, akaingia, akaketi.

Walirudi mmoja mmoja. Kwanza walichungulia, kisha wakakaa mlangoni, kisha ndani. Bartholomayo alikuja, akapitisha kidole ukutani, akasema rangi imepakwa vibaya. Yuster alikuja wa mwisho. Katika sehemu ya tatu kuna mtoto anaugua homa kali, na mama yake anambeba mgongoni usiku kucha kwenda zahanati. Yuster alimzika mwanawe wa kwanza kwa ugonjwa huohuo. Sikujua. Miaka kumi na moja anauza nyanya mbele ya duka langu na sikujua. Aliangalia mpaka mtoto yule wa filamu akafumbua macho na kuomba uji. Akaomba tuirudishe, aone tena anavyoomba uji. Tuliirudisha mara tatu.

Walipokwisha kuingia wote, mlango ulifungwa. Kulikuwa na giza, na Arafa hakuuachia mkono wangu.

Ijumaa, 11 Julai

Mbuzi amepatikana. Alikuwa kwenye shamba la maharage la mtu, amekula mstari mzima. Yuster ameniletea nyanya kikapu kizima. Hakusema ni za nini. Nimemwambia pole ya mtoto. Akasema asante, jina lake lilikuwa Nimpaye.

Arafa ameniapisha. Nisijisifie tena kitu nisichokuwa nacho. Nimeapa mkono ukiwa juu ya kifua. Kwa kweli nimejisikia mwepesi, kama godoro jipya.

Jumamosi, 12 Julai

Wamefika saa nne. Ahmadi amekuta watu wamejaa uani, maana Mzee Frednand alitangaza. Ikabidi akae nyuma karibu na mlango, kati ya Bartholomayo na mama mmoja mwenye kuku. Mbu alipotokea, Ahmadi aliinua miguu yote miwili juu ya godoro. Nimeona kwa macho yangu.

Baadaye akaniuliza pembeni kama hakuna filamu nyingine. Nikamwambia kweli: flashi imenasa, hakuna. Arafa alinitazama kwa jicho la kuridhika.

Bi Fathiya tulimlaza kwenye godoro la mbele. Alisikiliza sehemu zote nne. Aliuliza rangi ya chumba ni ipi, nikamwambia nyeusi, akasema ndiyo maana hakimuumizi macho. Kisha akaniomba barua ya Asmaa. Nimemsomea uani, yote, hata kipande cha bei ya mchele. Ahmadi akiwa palepale nimemwambia kwamba macho ya Mama yatibiwe, na Arafa akaongeza yake. Ahmadi aliinamisha kichwa. Ameahidi kumpeleka mwezi huu. Ilinigharimu ujasiri wote niliokuwa nao, nikadhani siku imekwisha vizuri.

Halafu tukakaa kula.

Ahmadi, nadhani kwa kubadilisha mazungumzo, akasema siku hizi amejitosa kwenye nyuki. Ameweka mizinga kumi msituni upande wa Biharamulo. Asali yake inasifiwa. Mama akasema amejaliwa.

Mguu wa Arafa ukakanyaga wangu chini ya meza. Niliusikia vizuri kabisa. Nilijua ni mguu wa nani na unasema nini.

Nikasema mimi ninayo mizinga ishirini, iko kijijini Murukulazo.

Jumapili, 13 Julai

Wageni wameondoka asubuhi. Ahmadi atakuja mwezi wa tisa kuonja asali, na anataka tuirine pamoja, kwa mikono yetu. Arafa hajasema neno tangu jana. Amemenya ndizi, amenipa maganda.

Nimekwenda kwa Mwalimu Philbert. Anamfahamu mtu Murukulazo, anaitwa Privatus, anahama na anataka kuiondoa mizinga yake haraka, nyuki wakiwa ndani. Haraka ya nini, Philbert hajui.

Nyuki waliniuma nikiwa darasa la tatu, uso ukavimba siku tano. Tangu hapo nikisikia mvumo wowote naingia ndani. Lakini hii si sawa na ile ya sinema. Ile nilikuwa na siku tisa tu, hii nina miezi karibu miwili.

Nimemuuliza Philbert kama wanauma. Amesema hao wamezoea watu.